Majirani wa Kiwanja cha Nane

Kambi ya ufukweni, kiwanja namba saba
Jumapili, 4 Agosti

Kiroboto mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujaichana bahasha. Mimi mzima. Hema limesimama na mgongo nao umesimama, ingawa vyote viwili vinahitaji kukazwa kila asubuhi.

Unauliza mbona nilisema naenda wiki mbili na sasa hii ni ya saba, je, nimehamia? Sijahamia. Nimeongeza siku tu. Hewa ya bahari inanifaa kifua. Tangu nije nimekohoa mara mbili, na mara moja ilikuwa pilipili. Simu huku haishiki mpaka upande kilima kilichomo ndani ya hifadhi, na askari wa hifadhi hawamruhusu mtu kupanda peke yake kwa sababu ya wanyama. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Gari la hifadhi hupita kila Jumatatu, hushusha mkate, mafuta ya taa na barua, kisha huchukua takataka na barua. Kila wiki naomba wasizichanganye.

Asubuhi natembea ufukweni hadi kwenye uzio wa hifadhi. Ni hatua elfu moja mia mbili na arobaini kwenda, na kurudi zinazidi kidogo kwa sababu nachoka. Nimechomeka kijiti mchangani kuona maji yanajaa mpaka wapi. Usicheke. Mpima ardhi mstaafu akikosa viwanja vya kupima, anapima bahari.

Usiwe na wasiwasi kwamba niko peke yangu, kambi ina watu. Wewe mwagilia mimea ya mama yako, na dirisha la jikoni ulifunge kwa komeo lile la chini, la juu linadanganya.

Baba yako


Alhamisi, 8 Agosti

Baba, shikamoo.

Mimea nimemwagilia. Miwili imekufa, usiniulize ni ipi. Kila Jumamosi naenda nyumbani kwenu, nafungua madirisha, nakaa kwenye kochi kama saa moja, nafunga madirisha, narudi kwangu. Jirani ameniuliza kama nyumba inauzwa. Nikamwambia mwenyewe yuko likizo. Akasema likizo gani hiyo ya mtu wa miaka sabini kulala chini.

Kazini tumeletewa mashine mpya ya eksirei. Inapiga picha haraka, kwa hiyo wagonjwa wanapita haraka. Kutwa nzima nasema maneno yaleyale: vuta pumzi, izuie, pumua. Juzi nilipofika kwangu nikagundua kwamba sikuwa nimemwambia binadamu yeyote neno jingine lolote siku ile. Nikaliambia birika habari za jioni. Unaona mwanao nilipofikia.

Sasa hao watu wa kambini ni akina nani? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, baba. Kama una majirani, niandikie walivyo, nijue kwamba kuna mtu wa kukusikia ukianguka.

Huu ni mwezi wa tano tangu tumzike mama, na mimi na wewe tumezungumza kila kitu isipokuwa yeye. Kuna jambo nataka kukuambia, na nilitaka tukae meza moja nikuambie. Rudi. Mwezi wa kumi mvua zikishika, barabara ya hifadhi itafungwa na hutatoka huko mpaka mwaka mpya. Sitaki kukaa mpaka mwaka mpya bila wewe. Nimesema.

Wako,
Kiroboto


Kiwanja namba saba
Jumapili, 18 Agosti

Mwanangu,

Umetaka majirani, haya chukua majirani.

Kiwanja cha nane kuna mume, mke na mtoto wa kike wa miaka kama sita. Mume ni mtu wa kujitia anajua. Kabla ya kusimamisha hema alizunguka na kamba robo saa akitafuta kivuli kitakuwa wapi saa tisa, na ilipofika saa tisa jua likawapiga usoni wote watatu. Mkewe alicheka mpaka chai ikammwagikia. Ni mwanamke wa kucheka kwa mwili mzima, hata ukiwa na hasira zako inabidi uziweke pembeni umsikilize.

Mtoto havai viatu. Mama yake amemfukuza na kandambili kuanzia kwenye koki ya maji mpaka kwenye bafu, wapi. Akiitwa kula anajibu kwamba yuko kazini. Kazi yenyewe ni kuchimba shimo. Nilimuuliza shimo la nini, akasema ni la kuwekea bahari pindi tutakapoondoka.

Jioni wananikaribisha chai. Hatuzungumzi mambo makubwa. Mke huuliza umepima nini leo, mzee, nami humwambia. Basi inapita jioni.

Kwa hiyo usijisumbue kunifikiria. Ulisema kuna jambo. Jambo lililosubiri miezi mitano linaweza kusubiri kidogo zaidi, au siyo? Nitarudi. Tarehe bado sijaipanga.

Baba yako


Jumatano, 21 Agosti

Kwa Mtunza Kambi,

Habari za kazi. Hatujuani vizuri, ila huenda unanikumbuka. Mimi ni binti wa mzee aliye kiwanja namba saba, tulikuwa tunakuja hapo kila mwaka nilipokuwa mdogo.

Baba ameniandikia kwamba ana majirani kiwanja cha nane. Mimi na wewe tunajua kwamba kambi hiyo haina kiwanja cha nane. Baba ndiye aliyeipima akiwa kijana, siku za mwanzo za kazi yake, na kwenye ramani akaruka kutoka saba kwenda tisa. Mpaka mtu anagundua, namba zilikuwa zimeshapakwa rangi kwenye mawe. Hajawahi kukiri kwamba alikosea. Alikuwa akituambia kwamba cha nane alikiacha kwa makusudi, ni cha bahari. Mama alimcheka kwa jambo hilo maisha yake yote, na mama amefariki mwezi wa tatu mwaka huu.

Naomba uniambie ukweli. Baba yuko na nani hapo? Anakula? Akili yake iko sawa? Hata kama amekukataza kusema, nakuomba useme.

Ahsante,
Binti yake


Getini, Jumatatu, 26 Agosti

Dada mpendwa,

Pokea salamu na pole ya msiba. Mimi kazi yangu ni ufagio na koki, kuandika si fani yangu, na dereva wa gari la hifadhi ameshapiga honi mara mbili, kwa hiyo utanisamehe.

Mzee hayuko na mtu. Kambi imefungwa tangu mwezi wa sita, tanki la maji lilipasuka na fundi tunaahidiwa kila wiki. Tulimruhusu kwa heshima, kwa sababu ramani iliyo hapa getini ina jina lake pale chini. Tuliopo ni mimi, mke wangu, yeye na kima.

Kati ya saba na tisa kuna kichaka na jiwe bapa. Kila jioni mzee hukaa pale na vikombe viwili vya chai, huongea, halafu huvisuuza vyote na kurudi hemani. Mwanzoni niliogopa. Lakini hajachanganyikiwa, dada, naapa. Siku anazijua, tarehe anazijua, juzi kaniambia vigae nilivyoagiza vya bafu vitapungua kumi na moja, na vimepungua kumi na moja kweli. Ni mtu aliyepungukiwa na mtu, basi. Amekonda. Mke wangu humpelekea chakula, anakula nusu anarudisha nusu.

Sisi tunaondoka tarehe thelathini mwezi ujao, kabla barabara haijafungwa. Nilimwambia tuondoke pamoja akakataa. Nikamuuliza, mzee, huko nyumbani kuna nini? Akasema, "Kuna mtu siwezi kumtazama usoni." Nilidhani amegombana na jirani. Sasa nimesoma barua yako, na nafikiri mtu huyo ni wewe. Nisamehe kama nimevuka mipaka. Umesema niseme.

Mtunza Kambi


Alhamisi, 29 Agosti

Baba, shikamoo.

Nimepata habari za majirani na nimezisoma mpaka karatasi imelegea. Nitasema mara moja tusizungushane: najua ni akina nani. Huyo asiyevaa viatu ni mimi. Nilikuwa namsoma nikajiona miguu inaniwasha mchanga. Sijui kama ulisahau kwamba cha nane hakipo, au ulitaka nijue. Sikuandikii nikuumbue. Nimefurahi kumsikia mama anacheka, hata kwa njia hiyo.

Ila kwa kuwa wewe unakaa naye kila jioni na mimi nakaa na birika, nina ombi. Lile jambo nililotaka kukuambia, umwambie yeye.

Mwambie ile Jumatano, ile ya mwisho, nilikuwa hosteli ya chuo nikisomea mtihani wa siku ya pili yake. Wewe ulikuwa umeniambia Jumatatu kwamba anaendelea vizuri. Saa mbili asubuhi simu yangu ikaita. Niliona jina lake. Nilikuwa katikati ya ukurasa mgumu, nikaigeuza simu kifudifudi. Nikasema nitampigia nikimaliza mtihani, nikiwa na habari njema. Kesho yake mchana ukanipigia wewe, kuniambia ameshafariki tangu jana.

Hujui habari hii kwa sababu sijamwambia mtu yeyote. Pale mazishini uliniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataza nisiitwe, mpaka nimalize mtihani, na watu wakanifariji kwa hilo. Mimi nikawa najua moyoni kwamba hapana, alibadili nia, alinipigia kuniaga, na mimi nikamgeuza kifudifudi. Mtihani nilifaulu. Kila nikivaa kitambulisho cha kazi nakumbuka kimepatikana vipi.

Muulize, baba. Muulize kama alinikasirikia. Unijibu vyovyote atakavyosema, usitie chumvi wala sukari.

Kiroboto


Kiwanja namba saba
Jumapili, 8 Septemba

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku sita. Nimeianza hii mara nne. Sikwenda tena kwenye jiwe, kwa sababu swali lako si la mama yako. Ni langu, na ningekuwa mwanamume wa kweli ningelijibu mwezi wa tatu.

Simu ile hakupiga yeye. Nilipiga mimi. Yangu ilikuwa imeisha chaji, nikachukua yake iliyokuwa juu ya kabati la kando ya kitanda, nikatoka kwenye korido. Nilitaka kukuambia uache kila kitu uje. Ikaita mpaka ikakatika. Na nikuambie nilivyojisikia, maana hicho ndicho kilichonileta huku: nilipata nafuu. Nilishusha pumzi. Nikasema afadhali, amalize mtihani wake, habari mbaya imeahirishwa. Sikupiga tena. Ningepiga mara ya pili ungepokea. Najua ungepokea.

Daktari alisema siku chache. Mimi ndiye niliyezifanya kuwa nne. Hakuna aliyeniambia nne. Nikahesabu Jumatano, Alhamisi, mtihani wako, Ijumaa upo hapa, Jumamosi bado tunaye. Nimepima mashamba ya watu miaka thelathini na sita na watu wamejenga juu ya vipimo vyangu, nikaamini naweza kupima na hilo.

Na hakukataza. Hilo ndilo baya kuliko yote. Mama yako hakusema hata siku moja kwamba usiitwe. Nililitunga pale kaburini, ulipokuwa umenishika mkono ukiniuliza kwa nini, sikuwa na lingine mdomoni. Watu wakalipokea, likawa kweli. Yeye alikuulizia mara tatu.

Nilidhani nimekudanganya kwa jambo moja tu ambalo lilikupa faraja. Kumbe muda wote huu ulikuwa umebeba mzigo wangu kichwani mwako, nami niko huku nachomeka vijiti mchangani. Hukumgeuza kifudifudi mama yako. Ulinigeuza mimi, na nilistahili.

Sitakuomba kitu. Nimeandika ili ujue.

Baba yako


Ijumaa, 13 Septemba

Baba,

Leo sikuamkii. Ningeandika shikamoo mkono ungekataa.

Nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia hivi na sijui inafanywaje, nimezoea kuwa upande wako. Jana nimemwambia mgonjwa avute pumzi nikasahau kumwambia apumue, mzee wa watu akakaa amevimba mashavu mpaka mwenzangu akaniita. Tulicheka wote, halafu nikaenda kulia chooni.

Umeniacha nimlilie mama miezi sita kama mtu aliyemkosea. Nilikuwa nakaa kwenye kochi lake kila Jumamosi namwomba radhi. Kila Jumamosi, baba. Na wewe ulikuwa na neno moja tu la kusema, ukaenda nalo kupiga kambi.

Sijui nitakusamehe lini. Sitakuambia ndiyo ili usilale vibaya, na sitakuambia hapana kwa sababu si kweli.

Lakini kuna kitu umenificha hata ndani ya barua ya kukiri. Umesema aliniulizia mara tatu. Halafu ukaendelea na habari zako, vipimo vyako, aibu yako. Alisemaje? Hayo ni maneno yangu, yalikuwa yanakuja kwangu na wewe ulikuwa njiani tu. Nayataka yote matatu, kama alivyoyatamka. Usinipangie jinsi ya kuyapokea. Umeshanipangia vya kutosha.

Binti yako


Getini, Jumatatu, 16 Septemba

Mwanangu,

Dereva amekubali kunisubiri nusu saa. Naandikia kwenye boneti ya gari.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumanne mchana. Alikuwa amekaa, amekunywa uji kidogo. Akasema, "Mtoto anafika na basi la saa ngapi?" Hakuuliza kama unakuja. Alijua unakuja. Nikamwambia bado sijajua saa. Akasema, "Basi waambie wasifunge mlango mapema."

Mara ya pili ilikuwa Jumatano asubuhi. Alikuwa amelala, macho yamefumba. Akasema, "Mpigie." Neno moja. Ndipo nikatoka kwenye korido. Niliporudi akauliza, "Amesemaje?" Nikamwambia umeshapanda basi, uko njiani. Akatabasamu. Alishinda siku ile akitazama mlango, nami nikashinda nikitazama ukuta.

Mara ya tatu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Aliingia muuguzi, msichana wa rika lako, mwembamba hivyo hivyo, nywele amezifunga nyuma kama zako. Mama yako akamshika mkono. Akasema, "Umefika. Umekula?" Yule msichana akanitazama. Mimi nikatikisa kichwa, ndiyo. Akajibu, "Nimefika, mama. Nimekula." Mama yako akasema, "Haya." Hakuuachia ule mkono. Muuguzi akavuta kiti kwa mguu, akakaa, akaacha kazi zake zote, mpaka pumzi za mama yako zikaisha. Ilikuwa kama dakika arobaini. Sikuangalia saa, na mimi huwa naangalia.

Hayo ndiyo yote. Hakukukasirikia. Aliondoka akijua umekuja na umeshiba. Ni uongo niliomwachia, na ni kiti chako nilichompa mtu mwingine akalie. Jina la yule msichana sikuuliza. Ningependa kwenda kumtafuta, ukikubali twende wote.

Dereva anawasha gari. Jumatatu ijayo napanda nalo mwenyewe, na Jumanne asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, si kule nyumbani. Usipofungua nitaelewa. Nitakaa kwenye ngazi.

Baba yako


(Karatasi iliyobandikwa mlangoni, ghorofa ya tatu)
Jumanne, 24 Septemba

Baba,

Nimeshindwa kubadilisha zamu, nipo kazini hadi saa tisa alasiri. Ufunguo uko kwa mama wa mlango unaotazamana na huu, anajua unakuja. Usikae kwenye ngazi, zina baridi na watu wataniuliza.

Bado nina hasira, nimekuandikia mapema usije ukadhani zimeisha.

Maji ya moto ya kuoga yanachelewa kutoka, yape dakika tano. Chakula kiko kwenye sufuria ndogo. Kula.

Au acha, nisubiri. Tutakula wote.